Chakula cha Mwenye Kukaa Nyumbani

Katika darsa yetu ya Kibokoni, baada ya sala ya alasiri, huachwa nafasi ya masuali, na wanawake wasioweza kuhudhuria huleta masuali yao kwa karatasi. Siku moja mtoto mdogo alileta karatasi ya nyanya yake, nayo ikasomwa mbele ya watu bila ya kutajwa jina la mwenyewe. Mama huyo alieleza kuwa tangu alipofiwa na mume wake akakaa eda, hakutoka tena nyumbani ila kwa maziko, arusi na hospitali. Nguo zake zamkaza mabegani. Tabibu amempima akamwambia kuwa katika muda wa miaka 2 ameongeza kilo 9, na kuwa sukari katika damu yake imeanza kupanda. Naye ashikilia kuwa hali chakula kingi: asubuhi ni chai tu na kitafunio, mchana ni wali kidogo, usiku ni mkate na mchuzi uliobakia. Basi auliza, kilo hizi zimetoka wapi?

Baadhi ya ndugu walicheka. Mimi sikuona la kuchekwa, kwani waliocheka ni watu waliouliza suali hilo hilo mwaka 2020, kila mmoja moyoni mwake, na hakuna aliyethubutu kuliandika. Nikaahidi kuwa jawabu tutalitoa kwa maandishi ili limfikie yeye na wenziwe, na hili ndilo jawabu lenyewe.

Nataka kwanza tukumbuke khabari ya mwaka huo, kwani ilikuwa ni darsa kubwa tuliyosomeshwa bila ya kutaka. Maradhi ya korona yalitangazwa kuingia Kenya tarehe 13 Machi 2020. Kabla ya mwezi huo kwisha misikiti ilikuwa imefungwa kwa sala za jamaa, na tangu tarehe 27 Machi tukakatazwa kutoka usiku, kuanzia saa 1 jioni mpaka saa 11 alfajiri. Tarehe 8 Aprili Kaunti ya Mombasa ikafungwa, asiingie mtu wala asitoke. Kisha tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, ikatangazwa kuwa Mji wa Kale peke yake wafungwa kando na Mombasa nyingine, na nyumba za kula zote zifunge milango. Sisi wa Kibokoni tukawa ndani ya kisiwa, na ndani ya kisiwa tumo ndani ya mtaa. Amri hiyo ilitangazwa kuwa ya siku 15, ikaendelea mpaka mwanzo wa Juni, hata Idi ikatukuta humo.

Watu walifanya nini katika siku hizo? Walipika. Mwanamume ambaye dhuhuri yake hupita kazini, akala anachokipata, alikuwa yuko kitandani tangu asubuhi akinusa harufu ya jikoni. Watoto hawana chuo wala skuli. Kila saa yaulizwa kuna nini cha kutafuna. Na ilikuwa Ramadhani, ambayo kwetu futari yake yajulikana: tende na uji, kisha viazi karai, bhajia, sambusa, kaimati zilizoloweshwa shira, mkate wa mayai, tambi za sukari, muhogo wa nazi au ndizi mbichi za nazi, halafu usiku wali, na karibu na alfajiri daku. Miaka mingine mtu hula hayo akaenda kusimama tarawehe, akarudi kwa miguu, akapita Ndia Kuu akazungumza na watu, akafika kwake chakula kimeshuka. Mwaka huo alikula akajinyosha pale pale penye mkeka. Sahani ilibaki ile ile, na miguu ikasimama.

Haya maneno ya miguu kusimama nataka tuyatie katika hesabu, maana bila ya hesabu huonekana kama maneno ya mawaidha tu. Kibokoni misikiti iko karibu. Tuseme nyumba ya mtu iko mwendo wa dakika 3 kutoka msikitini. Kwenda na kurudi ni dakika 6, na mara 5 kwa siku ni dakika 30. Kwa juma zima ni dakika 210. Shirika la Afya Duniani, katika muongozo wake wa mwaka huo huo wa 2020, lasema kuwa mtu mzima yampasa apate kwa uchache dakika 150 kwa juma za kutembea au kazi nyingine ya kiasi, ya kumfanya mtu apumue kwa nguvu kidogo, na akifika dakika 300 ni bora zaidi. Basi mzee wetu aliyekuwa akiitika adhana zote 5, iwapo mwendo wake ni mchangamfu, alikuwa akiutimiza muongozo huo na kuupita, wala hajui kuwa afanya mazoezi. Misikiti ilipofungwa, hakupoteza jamaa peke yake. Na ilipofunguliwa Julai, kwa watu wasiozidi 100 na kwa saa moja, waliopita umri wa miaka 58 waliambiwa wabaki nyumbani. Nao ndio waliokuwa wakihitaji zaidi mwendo ule. Siwalaumu waliotoa amri, maradhi yalikuwa yakiwaua wazee khasa. Nasema tu kwamba dakika 210 zilitoweka katika maisha ya mtu, na hakuna aliyemwambia azitafute mahali pengine.

Sasa turudi kwa mama yetu. Kilo moja ya shahamu katika mwili wa binadamu ina akiba ya nguvu ya takriban kalori 7,700. Kalori ni kipimo tu cha nguvu ya chakula, kama ratili ilivyo kipimo cha uzito. Kilo 9 basi ni kalori kama 69,000, nazo zilikusanywa katika siku 730. Ukigawanya, wapata kiasi cha kalori 95 kwa siku. Hesabu hii ni ya juu juu, kwani mwili uliozidi uzito nao hutumia nguvu zaidi kujibeba, lakini yatosha kuonyesha ukubwa wa jambo. Na kalori 95 ni kitu gani? Ni vijiko vidogo 6 vya sukari. Au ni mafuta ya kupikia yasiyotimia kijiko kimoja kikubwa, maana kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni gramu 14 hivi, na kina kalori kama 120.

Kwa hivyo mama huyu hakusema uwongo. Hakula chakula kingi. Amekula zaidi ya haja yake kwa kadiri ya vijiko 6 vya sukari kwa siku, na hakuna mtu awezaye kukitambua kiasi hicho kwa tumbo lake wala kwa jicho lake. Tena inawezekana kabisa kuwa hakuzidisha chochote, bali ala vile vile alivyokuwa akila wakati mumewe yu hai, naye akishuka na kupanda ngazi, akienda Marikiti kuchagua mboga, akizuru jamaa zake Kuze na Makadara. Chakula hakikuongezeka, haja ya mwili ndiyo iliyopungua. Wengi hawalijui jambo hili, na kwa kutolijua hujitetea kwa kusema: mimi nala kama nilivyokuwa nikila zamani. Utetezi huo ndio maelezo yenyewe ya ugonjwa.

Ama hilo neno lake la "chai tu", hapo yafaa tukae kidogo. Katika lugha yetu chai haihesabiwi kuwa ni chakula. Mtu hunywa vikombe 2 asubuhi, kimoja saa 4, kimoja alasiri, kimoja akija mgeni, na huulizwa umekula nini akajibu sijala kitu. Kwa mkono wa kwetu kikombe hutiwa vijiko 3. Vikombe 5 ni vijiko 15, na kila kijiko ni gramu 4 hivi, jumla gramu 60. Muongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 ni kuwa sukari ya kutiwa isizidi sehemu ya 10 ya nguvu zote za chakula cha mtu, yaani kwa mtu wa kiasi ni gramu 50, na ikishuka hata gramu 25 ni bora zaidi. Mama yetu amekwisha kuupita mpaka kabla ya kutia mkono katika kaimati, mahamri yenye sukari katika unga wake, tambi, au sharubati. Na sukari ya kunywa ina udanganyifu ambao wali hauna: hupita bila ya kushibisha, na mtu akala tena kama kwamba hakunywa kitu.

Wapo watakaosema kuwa wazee wetu walikunywa chai ya sukari na hawakuwa na kisukari. Baadhi yao walikuwa nacho na hakikujulikana kwa jina, mtu akafa kwa kidonda cha mguu ikasemwa amerogwa. Na wale waliosalimika, wengi walikuwa mabaharia, wachukuzi wa bandarini, wavuvi, mafundi wa kuchonga milango, na wanawake wakitwanga kwa kinu na kubeba maji kwa mtungi. Mtu wa kazi hizo hutumia kwa siku moja nguvu nyingi zaidi kuliko mtu wa kukaa kitini. Chakula cha pwani kilitungwa kwa ajili ya miili ya watu hao. Sisi tumekirithi chakula, na kazi tukairithisha mashini na pikipiki.

Nieleze kidogo yanayopita ndani ya mwili, kwani mwenye kufahamu hujizuia kwa wepesi kuliko mwenye kuamrishwa. Wali, mkate, muhogo na sukari vyote huishia kuwa sukari katika damu. Kongosho hutoa maji yake yaitwayo insulini, ambayo kazi yake ni kama ufunguo: hufungua milango ya misuli na ini ili sukari iingie itumike au iwekwe akiba. Misuli inayofanya kazi huipokea sukari kwa wepesi, hata kwa insulini kidogo. Misuli iliyolala huwa na uzito wa kupokea, na shahamu ikishajaa tumboni, kuzunguka ini na matumbo, kufuli nazo huanza kufanya kutu. Kongosho hulazimika kutoa funguo nyingi zaidi, hata siku moja huchoka. Hapo sukari hubaki katika damu, ikaharibu taratibu mishipa midogo ya macho, ya figo na ya miguu. Nani katika mtaa wetu hana jamaa aliyekatwa kidole cha mguu, au anayepelekwa kusafishwa damu mara 2 kwa juma? Maradhi haya hayakuja kwa ghafula. Yalikaa katika damu miaka, na mwenyewe haoni maumivu yoyote.

Kwa sababu hiyo hiyo kutembea dakika 10 au 15 mara tu baada ya kula kuna faida kubwa kuliko mtu anavyodhani, kwani huitumia sukari wakati ule ule inapoingia katika damu. Hakutaki viatu maalumu wala uwanja. Nyumba zetu za Mji wa Kale nyingi zina ngazi na dari za juu, na nyingine zina ua.

Kuna jambo jingine linalotuhadaa watu wa pwani, nalo sijaona likitajwa. Nguo zetu ni za kusitiri. Kanzu haina kiuno, buibui halina kiuno, dera ni pana kama tanga, na kikoi hufungwa kwa kadiri ya tumbo lililopo siku hiyo. Mtu wa suruali huonywa na mkanda wake mapema, tundu kwa tundu. Sisi hatuna wa kutuonya. Mimi mwenyewe katika miezi ile ya kufungiwa nilivaa kikoi na fulana tangu Machi mpaka Julai, na siku ya kwanza niliyotaka kuvaa suruali kwenda kutazama kazi yangu upande wa pili wa kisiwa, kifungo kilikataa kabisa. Nilidhani dobi ameikausha vibaya. Kisha nikakumbuka kuwa dobi hakuigusa, ilikuwa kabatini tangu Februari.

Basi badala ya mkanda, tumia kamba. Chukua uzi au utepe, mtu akupime urefu wako tangu utosini mpaka kisiginoni, ukate hapo. Ukunje sawa kwa sawa uwe nusu. Nusu hiyo uizungushe kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi wala hukubana tumbo. Ikikutana ncha kwa ncha, uko salama kwa upande huo. Ikishindwa kukutana, shahamu ya tumbo imezidi, hata ikiwa mizani yasema uzito wako si mbaya. Ifanye kila mwanzo wa mwezi. Kamba haina gharama, na haitaki tabibu kuifasiri.

Tufike kwa wali, kwani najua ndio utakaoogopewa. Hakuna aliyesema wali uachwe. Mwenye kumwambia mtu wa Mombasa aache wali wa nazi atakuwa amesema neno la siku 3, na siku ya 4 mtu atarudi kula kwa kulipiza. Litakiwalo ni wali ujulikane kiasi chake, na hapa desturi yetu njema ya kula sinia moja ina kasoro moja. Katika sinia hakuna ajuaye amekula kiasi gani. Mikono huenda na mazungumzo, na mwenye nyumba huongeza kabla ya kupungua, kwani sinia tupu kwetu ni aibu. Sisemi sinia livunjwe, baraka yake naijua. Lakini mwenye sukari, na mwenye kamba isiyokutana, ajipakulie katika sahani kwanza kisha akae na wenziwe: nusu ya sahani mboga, robo wali, robo samaki au kunde au pojo. Mboga isiwe kijiko kimoja cha kachumbari cha kupamba. Mchicha, mnavu, kisamvu, mabamia na biringani ni vyakula vyetu vya asili, wala havikuletwa na matabibu. Lakini tazama vinavyopikwa: mchicha huogeshwa katika kasimele mpaka ukapoteza jina. Tumia tui la pili, na kasimele iwe ya siku ya wageni. Na viazi vikiwa katika mchuzi visihesabiwe kuwa ni mboga. Huko ni kula wali kwa wali.

Juu ya mafuta nitasema machache, kwani hesabu yake imetangulia. Kitu kinachokaangwa kikizama hunywa mafuta, na karai la jioni ni mazoea magumu kuyavunja kwa sababu harufu yake hupita nyumba kwa nyumba. Kilichofaa katika nyumba kadha tulizoziuliza ni kupanga siku. Karai hupanda moto Ijumaa na siku moja nyingine, na siku zilizobaki kitafunio ni muhogo wa kuchemsha, mahindi, njugu kidogo, au tunda. Na samaki wa kupaka, ambaye huchomwa kisha hupakwa, ni bora kuliko wa kuzamishwa mafutani, na kwa ulimi wangu ni mtamu zaidi.

Itasemwa kuwa haya ni maneno ya wenye nacho. Mwaka 2020 watu wengi wa mtaa huu walipoteza kazi, wa bandari, wa mahoteli, wa kuongoza wageni Ngomeni, na walikula walichopewa. Vifurushi vya msaada vilikuwa vya unga, mchele, mafuta na sukari, kwa sababu vitu hivyo havioza na hushibisha. Ni kweli, na mtu asiye na khiari hana lawama. Ila wanaokusanya na kugawa vifurushi, na katika darsa yetu wamo, wanayo khiari. Kunde na pojo nazo hazioza. Kuongeza ratili kadha za maharagwe na kupunguza sukari hakutaki fedha zaidi, kwataka mtu mmoja tu katika kamati anyanyue mkono.

Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo ndiyo iliyonifanya niandike. Kwa wanaume, kufungiwa nyumbani kulikuwa ni balaa ya miezi michache, na mpaka leo twaisimulia kama vita. Lakini wapo wanawake wa mtaa huu ambao kwao mwaka 2020 haukuwa na tofauti kubwa na mwaka 2019. Wizara ya Afya ilifanya uchunguzi Kenya nzima mwaka 2015 kwa watu wa umri wa miaka 18 mpaka 69, ikaonekana kuwa waliozidi uzito ni watu 27 katika kila 100. Walipotenganishwa, wanaume walikuwa kiasi cha 17 na nusu katika 100, na wanawake 38 na nusu. Zaidi ya maradufu. Hesabu hiyo ni ya nchi yote, si ya Mji wa Kale, lakini nani atakayesema kuwa kwetu pengo hilo ni dogo zaidi?

Mwanamke wa kwetu akizaa hukaa arobaini, na katika arobaini hulishwa: uji wa pilipili manga, samli, supu ya kuku, mkate wa kumimina. Hilo lina maana yake, kwani amepoteza damu na ananyonyesha. Lakini arobaini hwisha na ulaji huendelea. Akifiwa na mume hukaa miezi 4 na siku 10, na kila jamaa aja na sahani, kwani huzuni kwetu hutibiwa kwa chakula, na kukataa sahani ya tanzia ni kumvunjia mtu heshima. Mama aliyeandika karatasi alinenepa kwa mapenzi ya watu. Hakuna aliyemletea jamvi akamwambia: tutembee kidogo uani. Na kutembea uani au darini kwa mwenye eda hakukukatazwa na yeyote. Hata kutoka mchana kwa haja yake wanavyuoni wengi wameruhusu. Eda ilipokwisha, ikabaki mazoea, na mazoea tukayavisha joho la dini. Watoto wake wa kiume, kwa wema wao, humwambia: kaa utulie mama, sisi tutakuletea kila kitu. Huo wema wamgharimu miguu yake.

Wanawake wa Mombasa wanaotembea alfajiri na jioni pande za Mama Ngina, kwa mabuibui yao na raba zao, wawili wawili na watatu watatu, walichekwa mwanzo na sasa hawachekwi. Atakaye asiyekwenda huko ana ngazi za nyumba yake. Dakika 10 mara 3 kwa siku ni dakika 30 zile zile za msikitini.

Naongeza onyo moja kwa wenye kisukari, kwa kuwa Ramadhani hurudi kila mwaka. Mwenye kutumia sindano ya insulini au vidonge vya kushusha sukari asifunge kabla ya kuonana na tabibu wake wiki kadha mbele, ili dawa zipangwe upya. Na akiwa amefunga, kupima damu kidoleni hakufunguzi. Sukari ikishuka chini ya 3.9 katika kipimo kitumiwacho hapa kwetu, au ikipanda juu ya 16.6, au akihisi kutetemeka na jasho la baridi, afungue pale pale, asingojee magharibi hata kama zimebaki dakika 20. Wapo waliongoja.

Haya yote tulimpelekea mama yetu kwa muhtasari, na baada ya miezi 2 mjukuu akaleta karatasi ya pili. Kamba yake ilipungua vidole 4 kukutana, na sasa imebaki vidole 3. Hupanda darini baada ya alasiri, na mjukuu ndiye mwenye kuhesabu mizunguko, naye humuibia akitaka kwenda kucheza mpira. Chai ameishusha toka vijiko 3 hadi 1, kijiko nusu kila wiki, akitia mdalasini na iliki. Asema wiki ya kwanza ilikuwa kama kunywa maji ya kuoshea vyombo, na kwamba chai ya jirani sasa humshinda kwa utamu. Sukari ya damu atapimwa mwezi ujao. Lakini ana suali jipya. Mawifi zake humletea halua kila wakimzuru, na wasiondoke mpaka waone imeliwa. Afanyeje?

Jawabu: atie kahawa tungu katika vikombe vya wote, akate halua kipande cha kadiri ya kidole gumba, akile mbele yao polepole na kuisifu, kisha sahani aipitishe kwao warudi wakiimaliza wenyewe. Na wakisimama kwenda zao, awasindikize mpaka mlango wa chini.